Mawese ya Moto kwenye Shavu la Mama

Mama aliteleza uani asubuhi akiwa amebeba beseni la samaki wa migebuka, akajigonga uso kwenye ukingo wa karo la kufulia. Shavu la kushoto likabonyea, kisha likaanza kuvimba. Mimi, mtu wa kujifanya najua kila kitu, nikasema hakuna haja ya kukimbilia hospitali kwa kuteleza tu.

Nikachemsha maji, nikapasha mawese, nikaanza kumkanda kwa taulo la moto. Kwetu Ujiji mtu akivimba anakandwa, hata mtoto anajua. Uvimbe ulizidi, nami nikazidi kukandamiza taulo.

"Taratibu, mwanangu, unaniumiza."

"Vumilia, mama. Hiyo damu iliyovilia itatawanyika."

Dawa zake nilikuwa nampa mimi mwenyewe kila jioni. Moyo wake hudunda ovyo, kwa hiyo humeza dawa ya kuzuia damu isigande. Kwangu ilikuwa dawa ya moyo, basi. Moyo na shavu wapi na wapi. Kufika alasiri jicho lilikuwa limefunga kabisa na damu inamtoka puani, haikatiki. Ndipo nikaita bajaji, tukaenda hospitali.

Daktari aliuliza anatumia dawa gani. Nilipoitaja, akaacha kuandika. Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika, na kwa sababu ya dawa ile damu ilikuwa inajaa nyuma ya jicho na kulibana. Akauliza tumemfanyia nini nyumbani. Nikasema tulimpaka mawese kidogo. Kukanda sikukutaja, niliona haya.

Walifanikiwa kuzuia damu, lakini jicho halikuona tena. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alituonya kwamba uvimbe wa namna ile huwekewa kitu cha baridi, haukandwi kwa moto wala hauminywi. Niliitikia kama mtu anayeelezwa habari za jirani.

Tukarudi nyumbani. Nikamwambia mama kwamba huenda jicho lake nimeliua mimi, kwa mikono yangu.

"Kaka zako usiwaambie," mama akasema. "Watanihamishia Dar, nikae nikitazama ukuta."

Jana kaka yangu mkubwa alipiga simu. Alisema bila mimi mama angekuwa ameshatutoka, na kwamba wao huko wanalala usingizi kwa sababu yuko mikononi mwangu. Mama alikuwa ameketi pembeni yangu, anasikia kila neno. Nikamjibu, "Ahsante, kaka."