Siku Tuliyomngoja Maalim

Sisi wanawake wa Magogoni tukiamua kumsifu mtu, tunamsifu mpaka kipaza sauti kipate moto. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Maulidi kuandama, kikundi chetu hukodi ukumbi wa shule moja ya kibinafsi, tukatundika vitambaa, tukapika biriani, tukawakumbuka wanawake wakubwa wa Kiislamu. Mmoja wetu husimama akamzungumzia yule tajiri wa Makka aliyempa Mtume kazi katika biashara yake kabla ya kuolewa naye. Mwingine humzungumzia yule Mama wa Waumini ambaye masahaba wazima, wanaume wenye ndevu zao, walikwenda kumuuliza mambo ya dini. Yuko wa mcha Mungu wa Basra, yuko wa malkia wa Yemen aliyeombewa dua kwenye mimbari, na wako wa malkia waliotawala miji yetu hii hii ya pwani. Fungu langu mimi lilikuwa yule binti wa mfanyabiashara aliyeutoa urithi wake wote akajenga msikiti wa Fes, ukaja kuwa chuo cha dunia.

Mimi si mwanachuoni. Nina duka la sare za shule, nauza sketi na soksi. Lakini siku ile nilikuwa naipenda kupita Idi. Nimekulia kwenye nyumba ambayo wajomba wakiingia, wanawake tunanyamaza, na chai inapelekwa na mkono bila uso. Kusimama mbele ya watu mia nikasema mwanamke fulani alifanya jambo fulani, kwa jina lake na la babake, ilikuwa ni kama kuvua kiatu kinachobana.

Mwaka ule mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye sauti ya kunadi samaki, alitujia na fikira mpya.

"Hawa wote washakufa," alisema. "Kila mwaka twawasifu wafu. Safari hii natumtunze mmoja alo hai, tumsifu na kumpa zawadi."

Hatukushauriana. Tulisema kwa mdomo mmoja: Maalim.

Maalim ndiye aliyenisomesha alifu. Ndiye aliyemsomesha mwenyekiti, na binti wa mwenyekiti, na karibu kila mwanamke aliyekaa ukumbini siku ile. Hakuwa na jengo wala ubao wa tangazo. Alikuwa na sebule yenye mikeka miwili, vibao vya kuwekea misahafu, na sikio ambalo halikupitwa na kosa. Angeweza kuwa uani anapara samaki, ukaruka irabu moja, ukasikia, "Rudi nyuma!" Aliolewa akiwa msichana, akaachwa baada ya muda mfupi, hakuzaa. Watoto wake walikuwa sisi, na alitugombeza kama watoto wake hasa.

Tulipokwisha kuolewa na kuzaa, alituita tena. Alisema msomi wa kike asiyejua kumwosha mwanamke mwenziwe akifa, kisomo chake nusu. Basi tukajifunza kuosha maiti kwenye sebule ile ile. Wengine hufundisha kwa mto au kwa mwanasesere. Yeye alijilaza mwenyewe mkekani, na nguo zake, akafumba macho.

"Haya. Mimi ndiye maiti," alisema. "Nikosheni."

Tulicheka mpaka tukashikana. Yeye hakucheka. Tukachukua kopo tupu, tukajifanya tunamwaga maji, kulia kwanza, halafu kushoto, na sitara juu ya mwili isiondoke. Mmoja wetu akimgeuza kwa nguvu, maiti alifumbua jicho moja. "Polepole, mwanangu. Nitaumia." Tulifanya hivyo Jumatano nyingi, mpaka kila mmoja wetu akajua uzito wa mkono wake na mahali bega linapokataa kwenda.

Siku moja, akiinuka kutoka mkekani na kujifunga leso, alitwambia hivi: "Mimi sina binti. Siku yangu ikifika, nikosheni nyinyi. Msinitilie mikono ya watu nisowajua. Huo ndio wasia wangu." Tukaitikia inshallah, sote. Hakuwahi kutuomba kitu kingine chochote.

Kisha sukari ikamla mguu. Walimkata chini ya goti, na mwana wa kaka yake akaja kumchukua akampeleka kwake Bombolulu, maana sebule ya Magogoni ilikuwa na ngazi na mwenye nyumba alikuwa anaitaka. Tulikwenda kumtazama, mwanzoni kwa makundi, baadaye mmoja mmoja. Mke wa yule kijana alikuwa msichana mpole, ana watoto wachanga, hana mikono ya kutosha. Maalim alilazwa chumba cha nyuma. Alikuwa amepungua, lakini nilipomwambia tunataka kumtunza mbele ya watu, alinitazama kwa jicho lile la mkekani akasema, "Mtanitunza na mguu mmoja?" Nikamwambia hata bila miguu. Akafurahi. Nilimwona amefurahi, na ninalishukuru hilo.

Tukapatana na mwana wa kaka yake kwa simu kwamba atamleta kwa tuktuk siku ya sherehe, asubuhi.

Asubuhi yenyewe tulimwekea kiti cha mbele, cha mikono, tukakifunika kanga mpya, na kigoda kidogo cha kuegeshea mguu. Tulitayarisha mkoba wa zawadi: buibui, udi, msahafu wa herufi kubwa. Saa tatu hakuja. Saa nne hakuja. Mwenyekiti akapiga simu, ikaita ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa.

"Vijana wa siku hizi!" alifoka. "Hajaamka huyo. Tuanzeni, yuwaja."

Tukaanza. Tajiri wa Makka akasimuliwa, vigelegele vikapigwa. Katikati ya malkia wa Yemen, kipaza sauti cha msikiti kikatoa mlio wake wa kwanza, ule ambao kila mtu wa mtaa anajua si adhana. Tukazima chetu kwa heshima. Sauti ya mwanamume ikatangaza kifo cha dada yake bwana fulani wa Likoni, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, makaburi ya hapa hapa Magogoni. Ikarudia mara ya pili: dada yake bwana fulani wa Likoni.

Tukasema inna lillahi. Mwenyekiti akageuka kutuuliza, "Nani huyo?" Hapana aliyemjua bwana yule, sembuse dada yake. Mmoja akasema huenda ni watu wa zamani wa mtaa, waliohama. Tukamwombea marehemu, tukawasha kipaza sauti chetu, na malkia wa Yemen akaendelea na ufalme wake.

Sitaki mtu asome hili akingoja kushtuka, kwa hiyo naandika sasa: aliyetangazwa alikuwa ni Maalim.

Alikufa alfajiri. Kwetu maiti hawekwi, na wanaume wakishika jambo la maziko hulikimbiza. Kufika saa nne alikuwa ameoshwa na kuvikwa sanda, na sisi, wanafunzi wake tuliojua kila kiungo cha mwili wake, tulikuwa umbali wa kipande tu cha barabara, tunanukia biriani na kulaumu kijana kwa kuchelewa.

Fungu langu lilifika baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimefika pale binti wa Fes anaponuia kufunga saumu mpaka jengo lake lisimame, nikasikia tahlili za wanaume barabarani. Jeneza lilikuwa linapita mbele ya geti la ukumbi. Nikanyamaza. Wanawake wakavuta mitandio, wakasimama, wengine wakatoka mpaka ukutani. Lilikuwa na shuka ya kijani, na waliolibeba hawakuwa wengi. Nakumbuka nilifikiri, maskini, mama wa watu ana watu wachache. Tukamsomea Fatiha mgeni yule, likapita, nikarudi kwenye hotuba yangu, na kiti cha mbele kilikuwa mbele ya macho yangu kitupu na kanga yake. Nilizungumza kwa nusu saa nzima. Walinipigia vigelegele.

Alasiri, tukiosha masufuria, simu ya mwenyekiti ililia. Alikuwa ni yule msichana wa Bombolulu. Nilimwona mwenyekiti anakaa chini kwenye sakafu yenye maji, na buibui lake zuri, bila kutazama anakaa wapi.

Tulikwenda watatu: mwenyekiti, binti yake na mimi. Msiba ulikuwa umeshatulia, watu wametawanyika, turubai dogo limebaki nje na viti vya plastiki. Msichana alitupokea uani huku analia. Alisema usiku kucha Maalim alikuwa akihema kwa shida, na kulipokaribia kucha akauliza, "Wanangu washakuja?" Msichana akadhani anaulizia watoto wachanga, akamwambia wamelala. Sasa alikuwa anatutazama sisi usoni na ameelewa.

"Nani alomkosha?" mwenyekiti aliuliza.

Walikuwa ni wanawake wawili waliotafutwa na jirani, kutoka upande wa Shanzu. Walifanya upesi, wakaenda zao. Hawakuwa wabaya. Lakini mmoja wao alipotoka chumbani alimwambia msichana, mbele ya watu, kwamba bibi huyu mgongo wote ni vidonda, umeoza. Maiti akishafungiwa mlango, kinachoonekana ndani hakitoki nje. Hilo lilikuwa ni somo la kwanza kabisa tulilofundishwa, kabla ya kopo. Watu wa Bombolulu walikuwa wanalizungumza mpaka tulipofika. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, na sikujua niipeleke wapi, maana huyu msichana alikuwa amemgeuza peke yake usiku na mchana mwaka mzima, na mtoto mgongoni.

Basi nikaipeleka kwa kaka yake Maalim, yule bwana wa Likoni.

Alikuwa ameketi sebuleni na kanzu na tasbihi, mzee mfupi, macho mekundu. Tulimpa mkono wa taazia kwa mbali, kama ilivyo adabu, na adabu ikaishia hapo.

"Mbona hamukutwambia?" nilimuuliza.

"Tumetangaza," alisema. "Tena huko kwenu. Mimi mwenyewe nimewambia watangaze Magogoni, kwa sababu ndiko alikokaa."

"Mumemtangaza dada yako. Sisi tutajuaje dada yako ni nani, nasi wewe hatukujui?"

Hilo lilimuuma kweli. Alisema yeye kazaliwa Magogoni, babake ndiye aliyechimba kisima cha msikiti ule, watu wote wanamjua. Nikamwambia watu wote wanaomjua wamekwisha kuzikwa. Aliondoka kijana akaenda Likoni, akakaa huko na duka lake la vyuma mpaka akazeeka, na mtaa ukawa wa wengine. Hakuwa amefikiri hata mara moja kwamba Magogoni dada yake ndiye aliyekuwa anajulikana, na kwamba yeye, mwanamume, ndiye angetambulishwa kwa kuitwa kaka yake Maalim.

"Na simu?" mwenyekiti aliuliza. "Tumepiga, tumepiga!"

"Simu ya kijana ilikuwa nami, yeye kenda makaburini kuchimba. Naona namba za wanawake nisowajua, nami niko kwenye msiba. Nilizikata."

"Alikuwa na wasia," nikamwambia. "Alitaka tumkoshe sisi."

Mzee akaiweka tasbihi pajani. Wallahi hakuwa na habari, na nilitaka sana awe na habari, ili nimchukie vizuri.

"Mungelimtaja kwa jina lake tu," nikaendelea, sauti imeshapanda, na binti wa mwenyekiti ananivuta nguo. "Kumtaja mwanamke kwa jina lake ni aibu gani? Mwamficha hata kafa?"

Akaniinulia uso. Hakuwa na ukali tena, alikuwa amechoka tu.

"Mama," alisema, "na lau ningelitaja jina lake, mungalimjua?"

Nikamtazama mwenyekiti, naye alikuwa ananitazama mimi. Binti yake akainamisha kichwa. Maalim alikuwa Maalim tangu tulipokuwa na meno ya utoto. Mama zetu walimwita Maalim, majirani walimwita Maalim, na tulipokwenda kumwona hospitali tuliuliza wodi ya Maalim yule wa Magogoni na wauguzi wenyewe walikuwa washaanza kumwita hivyo. Nilikaa naye mkekani utotoni na ukubwani, nikaushika mwili wake kwa mikono yangu, na haikuwahi kunipitia akilini kumuuliza jina lake.

Mzee akalitaja mwenyewe, la dada yake, na la baba, na la mama. Lilikuwa jina jepesi, la kawaida kabisa, ambalo huenda nimeliandika mara nyingi dukani kwenye risiti za watu wengine. Mwenyekiti akamwomba alirudie, ili tumwombee nalo kwenye khitima, naye akalirudia polepole, nasi tukalifuatisha.

Mchana ule ule nilikuwa nimemtaja kwa jina mwanamke aliyekufa zaidi ya miaka elfu iliyopita, katika nchi nisiyoijua, na watu wakanipigia vigelegele. La Maalim nililijua yeye akiwa ameshafukiwa.