Mbuzi Aliyetuonyesha Sayari

Jamani, leo nimemwonyesha baba mkwe sayari bila kumwangalia!

Redio ya bwana shamba, yule Mzungu wa hapa Uyole, ilisema jua likizama sayari tatu zitajipanga mstari mmoja.
Nyumba nzima tukatoka uani.

Baba mkwe, mzee wa kanisa, akaamuru tutazame mashariki. Eti nyota ya Yesu ilitokea huko!
Nani angembishia?

Akasimama mbele, wote wakaelekea alikoelekea.
Mimi nikageuka. Mnajua sisi Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wala hamsemeshi.
Nikajifunika khanga, nikabaki kutazama migomba upande wa magharibi.

Weee! Juu ya migomba, zote tatu, zinawaka!

Na kuna wingu linakuja mbio kuzifunika. Sasa nasemaje?

Nikamgeukia mbuzi wetu aliyefungwa hapo kwenye migomba. "We mbuzi, mbona sayari ziko huku?"

Kisha nikasikia miguu ya watu wote ikigeuka.
Wakaziona, ndipo wingu likafunika.

Baba mkwe akakohoa.
"Mbuzi, mwambie mke wa mwanangu ana macho kuliko sisi sote."

Haya semeni, nani kati yenu amewahi kusifiwa na baba mkwe, hata kupitia kuku?