Alipima vinasaba kuunganisha ukoo, akamvunja moyo aliyemlea

Saa mbili asubuhi, mjane mmoja amesimama mbele ya jiwe la marumaru, kidole chake kikifuata maandishi ya chaki herufi kwa herufi. Pembeni yake fundi amekaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, nyundo mapajani. Hamharakishi.

"Soma tena, mama," anamwambia akimaliza. "Safari hii anzia mwisho, urudi nyuma. Jicho lina ujanja, linaona linachotaka kuona."

Mjane anasoma kinyumenyume na ghafla anasimama. Kuna herufi imerukwa kwenye jina la kati la marehemu mumewe. Fundi anafuta kwa kiganja, anaandika upya, naye mama anasoma mara ya tatu. Akiitikia kwa kichwa, ndipo fundi anavaa miwani yake ya kazi na kushika tindo.

Ni tindo hiyo iliyompa jina. Katika mtaa huu wa mafundi, kati ya mchomea mageti na mshona viti vya magari, ukimuulizia kwa jina lake halisi watu watakutazama tu. Ulizia Tindo, utafikishwa hadi mlangoni. Ana miaka arobaini na sita, mikono yenye vumbi jeupe lisilotoka hata kwa sabuni, na kazi moja aliyoifanya tangu ujana: kuchonga majina ya watu kwenye mawe ya makaburi.

Bei ni kwa herufi. Mafundi wa hapa wana utani wao kwamba mwenye jina refu afe taratibu, watu wapate muda wa kuchanga. Familia zikibanwa hukata jina la kati, hukata hata maneno ya kuaga. "Lakini jina la ukoo hakuna anayelikata," anasema Tindo. "Sijawahi kuona. Hata maskini wa mwisho atakwambia, hilo liache."

Kusomesha chaki mara tatu ni sheria aliyofundishwa na baba yake mkubwa. Chaki hufutika kwa mate, jiwe likishachongwa limechongwa. Kwa miaka yote hiyo hajaivunja karakanani. Aliivunja mara moja tu, mwaka jana, mbali na mawe na mbele ya watu, na tangu siku hiyo hana raha.

Baba yake Tindo alifariki yeye akiwa bado anasoma shule ya msingi. Baba mkubwa, kaka wa marehemu, akamchukua, akamlea pamoja na wanawe, akamtia nyundo mkononi. "Sikuwahi kujiona yatima," anasema. "Kuna siku mwalimu aliuliza darasani nani hana baba, sikunyoosha mkono. Sikuwa nadanganya. Ilikuwa haijanijia akilini."

Mzee huyo alikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo. Ndiye aliyekuwa na majina ya ukoo. Msiba ukitokea, harusi ikifungwa, hata kikao kidogo cha kusuluhisha mke na mume, alikuwa akisimama, akifunga vifungo vya koti lake, akitaja mababu mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja, hadi yule wa kwanza kuja na jina lao. Watoto walikuwa wakimuigiza nyuma ya nyumba, koti na kikohozi vikiwemo. Jina lenyewe halimo humu. Ndilo sharti alilotoa Tindo kabla ya kukubali kuongea na gazeti hili.

Sasa, ng'ambo ya mto kuna familia nyingine yenye jina hilohilo. Kwa miaka mingi pande hizi mbili zilikuwa zikitaniana kila moja ikidai kuwa nyingine imeliokota jina njiani. Hakuna aliyejua kama ni ndugu kweli au ni majina tu yamegongana.

Siku moja mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo alikuja kuagiza jiwe la mkewe. Tindo aliandika kwa chaki, akafika kwenye jina la ukoo, akajikuta anaandika jina lake mwenyewe.

"Nilimwambia, mwalimu, wewe ni ndugu yangu au ni mwizi wa jina langu?" anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Akanijibu, kama kuna mwizi basi ni babu yako. Tulikunywa chai hapo hapo, mawe yakasubiri."

Mwalimu ndiye aliyejua habari za kipimo. Alimweleza kwamba kuna sehemu ya vinasaba ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume, naye akamrithisha wake, vizazi na vizazi, karibu bila kubadilika, sawa na jina la ukoo lenyewe. Wanaume wawili wakifanana sehemu hiyo, basi huko nyuma wana babu mmoja. Tindo alidunduliza miezi mitano kupata fedha ya kipimo.

Maabara ilitaka mwanamume mmoja kutoka kila upande, basi. Mwalimu kwa ng'ambo, Tindo kwa huku. Wangeishia hapo, habari hii isingekuwepo.

"Mimi ndiye niliyeng'ang'ania," anasema Tindo. "Niliona ni utovu wa adabu. Ukoo upimwe, halafu mkuu wa ukoo aachwe nyumbani kama mzigo? Nikasema lazima mzee naye apimwe. Nilidhani namheshimu."

Dada wa maabara aliyewapokea aliwauliza swali moja kabla ya kuwapitishia vijiti vya pamba ndani ya mashavu: kama mmoja wao atatofautiana na wenzake, wako tayari? Tindo akamshika baba yake mkubwa begani, akamsogeza karibu, akasema, "Dada, zitazame hizi pua, halafu urudie swali lako." Wote walicheka, mzee kuliko wote.

Majibu yalifika kwenye simu asubuhi ya siku ambayo pande zote mbili zilikutana kwa mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa shule aliyowahi kufundisha mwalimu. Viti vilijaa. Tindo aliona ujumbe umeingia, akauacha bila kuufungua. Alitaka wausikie wote kwa pamoja, yeye akiwemo.

Kwanza mzee alisimama. Akafunga vifungo vya koti, akataja mababu wote kumi na mmoja bila kukwama, na watu wa ng'ambo, ambao wao walikuwa na majina sita tu, wakapiga makofi hadi akaona haya. Kisha Tindo akasimama mbele yao, akafungua simu, akaanza kusoma kwa sauti.

Mwalimu na Tindo walifanana. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Alisubiri vitulie, akaendelea. Sampuli ya tatu, ilisema taarifa, haifanani na mbili za kwanza. Mwenye sampuli hiyo hana babu mmoja nao kwa upande wa kiume.

"Nilishasoma mpaka mwisho ndipo nikaelewa ninachosoma," anasema Tindo. "Mdomo ulitangulia akili. Mjane wa leo nimemsomesha mara tatu kwa ajili ya herufi moja. Baba yangu mkubwa sikumsomea hata mara moja faraghani."

Hata hilo lingevumilika. Lakini kwenye safu ya nyuma mkwe mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Kumbe bibi naye alikuwa na mambo yake!" Wachache wakacheka, kicheko cha watu wasiojua wafanye nini na nyuso zao.

Mzee aliwatazama watu aliokuwa amewatajia mababu dakika chache zilizopita, akasema, "Samahanini kwa kuwachelewesha." Akatoka.

"Aliomba samahani yeye," Tindo anasema, na anaiweka nyundo chini. "Yeye! Mimi nimesimama na simu mkononi kama sanamu. Ningeweza kumkimbilia. Sikumkimbilia. Mpaka leo sijui miguu yangu ilikuwa wapi."

Ukweli ulikuwepo, tena mzuri, ila ulichelewa. Shangazi yake Tindo, dada wa mzee, hakuwepo ukumbini kwa sababu ya maradhi ya miguu. Aliposikia kilichotokea alilia, kisha akaeleza alichoapishwa na mama yao asikiseme. Bibi alikuwa mke wa mvunja mawe aliyefariki kwa kuangukiwa na mwamba machimboni. Alimwacha mjamzito. Rafiki wa marehemu, ambaye ni babu yake Tindo, akamuoa. Mtoto akazaliwa ndani ya nyumba yake, akampa jina lake la ukoo, akamfanya kifungua mimba wake.

"Kuna mtu alitaka kuulizauliza, baba akamjibu kwamba kitanda hakizai haramu, na nyumba yake haizai mgeni," shangazi anasimulia. "Basi, ikawa imekwisha. Mama alikuwa mtu safi. Wamemcheka bure." Na pua? Anacheka kwa uchungu. "Pua ni za mama! Kabla ya kwenda maabara wangeniuliza mimi kwanza."

Alipelekwa kwa kaka yake akayasema yote hayo uso kwa uso. Mzee alisikiliza, akamshukuru, akamkaribisha chakula. Lakini karakanani hakurudi, ingawa kwa miaka mingi alikuwa akija kila asubuhi kukaa tu na kukosoa. Misibani sasa huketi nyuma. Akiombwa majina ya ukoo, hujibu kwa upole kwamba hawezi kuhesabu mababu wa watu. Na amewaambia wanawe kwamba siku yake ikifika, jiwe lake liandikwe jina lake la kwanza peke yake.

Hilo ndilo linalomkosesha Tindo usingizi. Anajua nani ataletewa jiwe hilo.

Kuna hasara nyingine pia. Majina yale kumi na moja hayajawahi kuandikwa popote. Tindo anaweza kutaja manne, akijikaza matano. "Nani anarekodi kitu anachokisikia kila msiba?" anauliza. "Nilifikiri kitakuwepo siku zote. Angalia mambo yalivyogeuka sasa. Damu ninayo mimi, ukoo anao yeye."

Mwalimu wa ng'ambo anakubaliana naye. Kila wiki hupiga simu kumuulizia mzee. "Kipimo kimetuambia sisi ni ndugu," anasema. "Hakikutuambia majina ya hao waliotufanya tuwe ndugu. Yule mzee ndiye anawajua. Mimi kwangu ni kaka yangu mkubwa, na yule mkwe aliyenong'ona siku ile nimeshamwambia hivyo."

Kila Jumapili Tindo huenda kwa baba yake mkubwa, na safari hii mwandishi wa habari hizi amefuatana naye. Mzee anafungua mlango mwenyewe, ana miaka sabini na moja, mgongo wima, shati limepigwa pasi. Anamimina chai. Anauliza habari za karakana, anauliza kama bado Tindo anachonga herufi nyembamba mno, anamkosoa bila hata kuliona jiwe.

Akiulizwa kuhusu siku ile, haepi. "Damu haikuniuma. Nimeishi nayo miaka yote hii haijawahi kunisemesha," anasema. "Kiliniuma kicheko. Walimcheka mama yangu, na mimi nimetoka kusimama mbele yao nikijisifu."

Na Tindo, amemsamehe?

"Huyu? Nilimsamehe kabla sijafika kwenye geti la ile shule. Huyu ni mwanangu, hana pa kwenda. Kusamehe hakunishindi. Kinachonishinda ni kusimama tena."

Tindo anatazama kikombe chake. Kila mara akija huomba radhi, na kila mara huambiwa ayaache. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na huyu mjukuu wake anaonekana amekuja kukaa.

Ana mpango. Anataka kuziita tena pande zote mbili, katika ukumbi uleule, watu walewale, mkwe naye akae safu ya mbele. Atasimama yeye kwanza. Ataeleza habari za bibi yake, za mvunja mawe aliyekufa machimboni na za rafiki yake aliyemlea mwanawe. Ataeleza kosa lake bila kulipunguza. Kisha ataketi. Mzee akitaka kusimama atasimama, asipotaka watakula, warudi makwao.

Mzee anaujua mpango huo. Hajasema ndiyo wala hapana. Badala yake anaanza kusimulia namna alivyofundishwa kazi akiwa mdogo, jinsi alivyoponda kidole gumba wiki ya kwanza akapakatwa hadi akanyamaza. Uso wake unachangamka. Ananyanyua mkono hewani, vidole vimekunjwa kama vimeshika mpini.

"Nyundo aliishika hivi, chini kabisa," anasema. "Babu yako alikuwa na mkono mwepesi, we acha tu."

Njiani kurudi, Tindo anauliza kama mwandishi amesikia.

"Babu yako. Ndivyo anavyomwita siku hizi mbele yangu. Maisha yake yote alikuwa akimwita baba, 'baba yangu alisema hivi, baba yangu alifanya vile', mpaka tunachoka." Anajifuta vumbi usoni, ingawa leo ni Jumapili na hakuna vumbi. "Yale majina mengine yakipotea, nitaumia lakini nitaishi. Mimi nasubiri alirudishe hilo moja. Namuomba Mungu anipe siku nimsikie mzee yule anasema tena 'baba'."