Fundi na Bonge Wake

Fundi wa televisheni ana ulimi mkali kuliko bisibisi yake. Televisheni za watu zimelala rafuni matumbo wazi, naye ameweka kanda kuukuu za mieleka, daftari pajani, anatoa alama kama mwalimu mkuu. "Umeona anavyoanguka huyo? Gunia la mkaa lina adabu zaidi! Mbili kwa kumi." Wateja wakishangilia huwakemea: "Maigizo hayo, nyie! Mshindi hupangwa kabla hawajavua mashati." Mkewe, anayeshona nguo nyuma ya pazia, anajua wasilolijua wateja: kanda ya mwanamieleka mmoja bonge wa kinyago chekundu huzimwa daima kabla ya mwisho. "Imekwaruzika hapo," husema fundi, na bonge hupata kumi kwa kumi.

Jana alipoizima, mama mmoja aliyefuata televisheni yake kwa mara ya nne akauliza, "Sasa nani kashinda?" Fundi akajifanya kutafuta skrubu. Mkewe akatoka, futi ikining'inia shingoni, akabonyeza kitufe. Kanda ikaenda safi kabisa. Bonge akabwagwa, akahesabiwa tatu, akavuliwa kinyago mbele ya umati. Bwana alama akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo.

"Baba watoto, si maigizo hayo?"

"Mwamuzi kahesabu upesi," akasema, akamwandikia mwamuzi sifuri. Yule mama akajitwika televisheni yake, matumbo wazi vilevile, ampelekee fundi mwingine. Aliyemsaidia kuinyanyua ni mke wa fundi.