Siku Nilipoilazimisha Betri Kula

Juzi nilipita karibu na gereji moja kule mtaa wa Pioneer, nikasikia harufu ya mayai yaliyooza, nikasimama ghafla na mifuko yangu ya sokoni mikononi. Watu wakanipita. Mimi kimawazo nilikuwa nimesharudi kwetu Yamumbi, nina miaka tisa, nimeketi katika chumba cha mbele ambacho baba alikigeuza karakana.

Baba alikuwa fundi wa redio. Juu ya meza yake palikuwa na mashine aliyoiita sapulai, sanduku zito la chuma la kutoa umeme wa kiasi unachotaka, lenye nobu mbili za kuzungusha na mishale miwili, wa kwanza wa volti, wa pili wa kuonyesha umeme unaotoka. Aliitumia kujaribia redio, lakini majirani walimletea betri za magari pia. Aliweka volti kumi na nne, akafungua dirisha, kisha akasubiri ule mshale wa pili ushuke. Ukishuka kabisa, betri imeshiba. Ndivyo alivyosema, imeshiba, na nadhani neno hilo ndilo lililoniponza.

Siku hiyo alienda mjini kununua waya, akaniachia betri ya pikapu ya Mzee Njoroge, muuza viazi. "Usiguse kitu. Mshale ukishuka, zima, uende ukacheze."

Nje wenzangu walikuwa wanacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mshale ulishuka polepole kwa makusudi, au hivyo ndivyo nilivyoona. Mdogo wangu alikuwa wa kulazimishwa kula. Mama alikuwa akimbana mashavu na kumjaza uji, na bakuli liliisha haraka. Basi nikazungusha nobu ya volti. Mshale ukaruka juu. Nilifurahi sana, betri ilikuwa inakula.

Kisha mvua ikaja, ile yetu ya alasiri yenye baridi. Mchezo ukavunjika. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikajikunyata kwenye kiti cha baba. Betri ikaanza kutokota. Harufu ilipojaa chumbani nikakumbuka jinsi baba alivyowahi kumfukuza mteja mwenye sigara: betri ikichemka hutoa hewa, na hewa hiyo ikiona moto inalipuka. Niliogopa kugusa nobu, nikaogopa pia kuiacha. Nikiwa bado nawaza, stima ikapotea. Chumba kikawa giza.

Mama akaingia kutoka jikoni, mdogo wangu mgongoni, akafunga mlango nyuma yake kwa sababu ya upepo.

"Nini inanuka hivi? Ama ni panya imekufa?"

Nikasikia kiberiti kikitikiswa.

Sikusema kitu. Nataka unielewe vizuri hapa, nilijua. Lakini kusema kulikuwa kukiri, na mkanda wa baba ulining'inia ukutani. Kijiti kikakwaruza. Kilikuwa kimeingia unyevu, kikakatika. Mama akafyonya, akatoa kingine.

"Mama, usiwashe."

"Kwa nini?"

"Ni betri. Ni mimi nilizungusha."

Hakuuliza la pili. Alinishika mkono, akapiga mlango teke ukafunguka, tukasimama nje mvuani sote watatu.

Baba aliporudi alikuta betri imevimba ubavuni, na mama akamweleza nilivyomzuia kuwasha. Aliketi kizingitini bila kuvua koti lililolowa. Nilingoja mkanda. "Huyu mtoto amewaokoa," akamwambia mama. Basi nikawa msichana aliyemwokoa mama yake, na sifa hiyo niliipokea kwa mikono miwili.

Mpaka leo mama huwasimulia wageni kisa hicho, nami hukimbilia kuongeza chai. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hakujua. Nilipopata binti yangu ndipo nilipotambua kwamba mama huisikia pumzi ya mtoto wake gizani. Alijua nilikuwa pale tangu alipoingia, na alijua nilinyamaza. Hajawahi kuniuliza. Lakini katika masimulizi yake, miaka yote hii, kijiti ni kimoja tu; kile kilichokatika hakitajwi.