Heparini, Nguruwe na Jaketi la Kijani

Dawa iliyoletwa kuzuia damu ya dada yangu isigande ndiyo iliyokuwa ikiigandisha, na mtu aliyezunguka mji mzima wa Kindu kuhakikisha haimwishii nilikuwa mimi.

Ilikuwa miaka ya vita. Barabara zilikuwa zimefungwa, na karibu kila kitu, kuanzia chumvi hadi sindano, kilishuka kwa ndege au kilisukumwa kwa baiskeli kupitia msituni. Dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Baadaye mguu wake wa kushoto ulivimba, na daktari akasema damu imeganda ndani ya mshipa. Alikuwa na chupa chache za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akaanza kumchoma sindano.

Kwetu mgonjwa hakai hospitali peke yake. Familia humteua garde-malade, mtu wa kumpikia, kumfulia na kumtafutia dawa zinazokosekana. Kwa kawaida kazi hiyo hupewa mwanamke, lakini niliiomba mwenyewe. Nilikuwa ripota wa redio, na vita vilikuwa vimenibakishia habari za aina mbili tu zilizoruhusiwa kusomwa: mvua na matangazo ya vifo. Niliona hapa pana kazi inayolingana na kipaji changu.

Na kweli nilifaulu. Niliwahoji wauza dawa wa soko la Kasuku mmoja baada ya mwingine, mpaka nikampata mfanyabiashara aliyetoka Kibombo kwa baiskeli na heparini ndani ya gunia la mchele. Daktari alizikagua zile chupa, akaziona ni nzima, akanipa mkono. Nilitembea kwenye veranda ya hospitali kama mtu aliyesimamisha vita.

"Mudogo," dada aliniambia nilipomletea wali na sombe ya majani ya muhogo, "kila wakinichoma ile dawa yako, vidole vinakufa ganzi."

"Yaya," nilimjibu kwa Kiswahili chetu, ambamo dada mkubwa ni yaya na ndiyo ni njo, "njo dawa inatembea."

"Basi uiambie itembee pole pole. Inanikanyaga."

Nilicheka. Kisha mguu wa pili ukavimba na vidole vikaanza kuwa vyeusi. Nilipoona hivyo nilikata shauri, kwa akili zangu zote, kwenda kutafuta chupa zaidi. Niliporudi nazo mkononi, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda, akimuuliza dada ganzi ilianza lini.  Dada alinitazama mimi.

Daktari aliisimamisha heparini papo hapo. Hakuwa na kipimo cha kuthibitisha chochote. Aliona tu kwamba mambo yaliharibika baada ya sindano kuanza. Vidole viwili vya mguu vilikatwa, na dada akapona.

Yule mtoto wa kike leo ni mtaalamu wa maabara. Mwezi huu mama yake amegunduliwa kuwa na uvimbe tumboni unaopaswa kutolewa, na daktari wa sasa alitaka kumpa heparini baada ya upasuaji, kwa kuwa aliwahi kugandiwa na damu. Mpwa wangu ndiye aliyepinga. Alikuja nyumbani kutueleza sababu.

"Mujomba, heparini njo sukari, lakini si ya chai. Ni munyororo murefu wa sukari, na umejaa salfati."

Salfati, yaani vikundi vya atomi za salfa na oksijeni, zina chaji hasi, alisema. Kuna protini ya kinga inayotolewa na chembe za kugandisha damu, nayo ina chaji chanya. Zikikutana zinashikana. Hilo peke yake si ajabu, kwa sababu kuta za mishipa yetu zimefunikwa na sukari za jamii hiyo, na protini nyingi za kinga huzishika ili zijue mahali pa kusimama. Lakini ile protini ikijifunga kwenye heparini hubadilika umbo. Kwa watu wachache, kingamwili huiona kuwa mgeni, huivamia pamoja na heparini yake, na katika vurugu hiyo chembe za kugandisha damu huamshwa na kuigandisha.

"Ni kama wewe na lile jaketi," akamalizia.

Familia yote inaijua hadithi hiyo. Wakati wa vita nilinunua jaketi la kijani sokoni kwa sababu ya mvua. Kwenye kizuizi cha kwanza cha barabarani nilikalishwa matopeni kama askari wa upande wa pili, hadi alipopita mtu akasema, "Huyu? Huyu anasomaka vifo kwenye redio." Nilikuwa mtu yule yule, nguo ndiyo iliyonibadilisha.

Hapo ningepaswa kunyamaza. Lakini ripota hawezi, nikauliza heparini inatengenezwa kutokana na kitu gani.

"Matumbo ya nguruwe," mpwa alijibu.

Nyumba yetu ni ya Waislamu. Dada aliweka chini kikombe chake.

"Kumbe mwili wangu unajua dini kuliko mudogo wangu!"

"Mama, haiko vile. Hata itoke kwa ng'ombe, ni zile salfati njo zinashikwa."

"Wewe acha. Nguruwe anatoka Kibombo kwa baiskeli, mujomba wako anamupokea kwa mikono mbili, halafu anapewa mukono!"

Kipimo ambacho daktari wa wakati wa vita hakuwa nacho leo kipo, lakini hakitatusaidia sana. Mpwa anasema kingamwili za namna ile kwa kawaida hupotea kwenye damu baada ya miezi michache, na sasa imepita miaka. Kutoziona si ahadi kwamba hazitarudi akichomwa heparini tena. Daktari amekubali kungoja dawa nyingine ya vidonge, isiyo na sukari hizo, kutoka Kinshasa.

"Yaya, nipite Kasuku nijaribu kutafuta?" niliuliza.

"Ikaa chini."

Nimekaa. Ndege ya jana ilitua bila vidonge. Upasuaji umepangwa Ijumaa, na daktari hajasema atampa nini ikiwa ndege inayofuata nayo itakuja bila kitu.