Kisemwacho Mezani: Mkandaji Aliyevunja Mwiko wa Waendesha Baiskeli

Jua bado halijavuka milima ya Vette, na Nives Bortoluzzi yuko jikoni kwa watu. Jiko ni la hoteli. Mpishi amemwachia kona moja na sufuria moja kubwa, naye hataki zaidi ya hapo.

Anakata wali uliolala umebanwa pamoja na jibini laini na asali. Anaufunga kipande kimoja kimoja kwenye karatasi ya alumini, anaupanga kwenye boksi la barafu, kisha anajaza chupa. Nje, mafundi wanaosha baiskeli na kupigiana kelele za asubuhi.

"Wakila mkate njaa inawarudia kabla ya mlima," anasema. "Wali unatulia tumboni."

Nives ana miaka hamsini na minane. Ni mjane wa mpasua mbao, hana mtoto, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa mkandaji katika timu za waendesha baiskeli wa kulipwa. Hizi ni mbio za hatua: leo watu wanashindana mpaka mji huu, kesho mpaka mji ule, na mshindi ni yule ambaye muda wake wa siku zote ukijumlishwa unakuwa mdogo kuliko wa wenzake.

Mkandaji ana kazi tatu kwa siku. Asubuhi ni chakula na chupa. Mchana ni kusimama kando ya barabara ameninginiza mfuko wa chakula mkononi, ili kijana wake apite kwa kasi aunyakue. Jioni ni miguu. Kwa siku ya mbio Nives hulipwa euro mia na arobaini. Siku isiyo na mbio hana kitu.

Mwaka huu jioni zake ni tupu. Miguu amepewa mwingine.

Jumapili, mbio zikiisha, mkuu wa timu Walter Meneghin atawauliza vijana kama wanataka Nives arudi kwenye meza ya kukandia mwakani, au abaki wa chupa na kufua jezi. Huo ndio utaratibu wa timu hii. Mwenye miguu ndiye anayechagua mikono.

"Sina cha kuwaomba," anasema akifunika boksi. "Miguu ni yao."

Kazi hii alifundishwa na mzee Bepi, mkandaji wa zamani ambaye sasa ni marehemu. Nives anasema siku ya kwanza hakufundishwa msuli wala mafuta. Alifundishwa mwiko mmoja: kisemwacho mezani hulala mezani.

Kijana akilala kifudifudi, mwili umechoka na uso hauonekani, mdomo hufunguka wenyewe. Atasema anamwogopa mkuu wa timu. Atasema mchumba amemwacha. Atasema anaogopa mteremko. Mkandaji anasikia, anakanda, ananyamaza. Asiyenyamaza hapati meza, na wakandaji wote wa timu zote wanalijua hilo kama wanavyojua Baba Yetu.

Na yako mengi ya kusikia. Nives anasema zamani vijana walikuwa wanaanguka kwa kuchoka. Siku hizi wanaanguka kwa kugombania nafasi. Kila mmoja ana kisikilizio sikioni, na kila mkuu wa timu, akiwa ndani ya gari lake nyuma ya kundi, anaona kwenye ramani kwamba barabara inakaribia kuwa nyembamba.

"Timu ishirini zinaambiwa neno moja kwa wakati mmoja: nendeni mbele," anasema. "Sasa barabara ina mbele ngapi? Ina moja. Wengine waende wapi?"

Ndivyo alivyoanguka Loris Zandonà mwaka jana.

Loris ni kijana wa hapa hapa bondeni. Kazi yake haikuwa kushinda. Alikuwa mtu wa kumkinga kiongozi wa timu na upepo, kumletea maji, kumpandisha mlima kisha kuachwa nyuma. Nives alikuwa amemkanda miaka sita. Kwamba kijana anataka kuoa, Nives alilijua kabla ya mama yake mzazi. Loris hakumwita Nives kwa jina. Alimwita shangazi, na siku akiwa na mzaha alimwita shangazi wa vigimbi.

Hatua ile ilikuwa inaingia kwenye mji mdogo wenye kizuizi cha zege katikati ya barabara. Mlinzi alisimama pale na bendera yake ya manjano, akapuliza filimbi. Waliokuwa mbele walikiona. Loris alikuwa katikati, bega kwa bega na wengine, macho kwenye gurudumu la mbele yake. Alipokiona kizuizi alikuwa tayari yuko hewani.

Aliinuka. Daktari wa mbio akamuuliza leo ni siku gani, mbio zinaitwaje, anatoka wapi, na yote akayajibu. Akapewa baiskeli nyingine, akamaliza na jezi imechanika mgongo mzima. Hotelini daktari wa timu, dada mmoja wa Sardinia aitwaye Dokta Piras, naye akamwona. Akamwambia dalili nyingine huchelewa, akisikia lolote aseme upesi.

Jioni Loris akapanda mezani. Nives akaanza na mguu wa kushoto, akikwepa michubuko. Loris akamuuliza, leo tumeshinda? Nives akamwambia hapana, tumekuwa wa nne. Akahamia mguu wa kulia. Loris akauliza tena, kwa sauti ile ile, leo tumeshinda?

Nives akadhani ni mzaha wake wa kawaida. Halafu kijana akaomba taa izimwe, inamchoma macho. Halafu akaomba beseni, akatapika.

Alipomaliza kujifuta akamshika Nives mkono. "Shangazi, hii inabaki hapa."

Nives alijua kwa nini anaomba. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa mkataba wake. Walter alikuwa amebakiwa na nafasi moja, na wanaoigombania walikuwa wawili, Loris na kijana mwingine. Kesho yake ilikuwa siku ya milima, kupanda na kushuka, na hapo ndipo Walter angeona nani anafaa. Tena Loris alikuwa ameshaanza kuezeka nyumba ya kumwingizia mke.

Nives aliondoa beseni. Alimfunika blanketi, akanawa mafuta mikononi, akatoka. Alikaa kwenye ngazi za hoteli mpaka watumishi wakaanza kumtazama. Anasema alimfikiria mzee Bepi. Alifikiria pia mteremko wa kesho, ule unaozunguka ukuta wa kanisa na chini yake ni korongo.

"Nilijiambia, mwiko huu uliwekwa kuwalinda," anasema. "Sasa nikiushika, nani atakuwa amelindwa?"

Akainuka, akaenda kugonga mlango wa Dokta Piras.

Daktari hakubisha hata kidogo. Alimpima Loris upya, akasema ni mtikisiko wa ubongo, akamwondoa kwenye mbio. Walter akanung'unika kisha akakubali. Asubuhi baiskeli moja ikabaki juu ya gari.

Loris alimsubiri Nives penye mlango wa hoteli, mkoba wake uko chini. Hakupaza sauti.

"Lami iliniangusha, nikasimama," akamwambia. "Wewe umeniangusha nikiwa nimelala."

Hajasema naye tena mpaka leo.

Nafasi ile alipewa yule mwingine. Loris hakupata timu. Kichwa chake kilipopona na kuanza kupiga simu, timu zote zilikuwa zimeshajaa, na mtu aliyeumia kichwa ananunuliwa kwa wasiwasi. Sasa anafunga mitambo ya kupashia maji moto majumbani pamoja na mjomba wake, kule mjini Feltre. Nyumba ina kuta, na paa lake ni nusu.

Siku ile ya milima hakuna aliyeanguka. Wote walishuka salama kuzunguka ule ukuta wa kanisa, hata waoga. Vijana wa timu hawakulisahau jambo hilo. Walisema kumbe Loris naye angeshuka salama. Walisema kuumwa kichwa ni kazi yao, na kwamba Nives amemuua mwenzao kwa huruma.

"Ningewaonyesha nini?" anauliza Nives. "Mtu akianguka, damu ipo, baiskeli iliyovunjika ipo. Asiyeanguka anakuachia nini mkononi?"

Meza yake ikawa kimya. Vijana walianza kulala na muziki masikioni. Waliobaki wakizungumza walizungumza mvua. Mmoja akiingia na kumkuta mwenzake analalamika goti, alimwambia anyamaze, ukuta huu una Redio. Jina likamshika. Hata mafundi wakawa wanaita, Redio, chai ipo? Msimu ulipoisha, miguu akapewa mwingine.

Wakandaji wa timu nyingine nao walijitenga. Zamani, wakisubiri kundi kwenye kituo cha kugawia chakula, walikaa pamoja na kukata soseji na mkate. Siku moja mwanzoni mwa msimu huu Nives alienda na soseji yake kama kawaida. Mmoja wao, mtu waliyejuana tangu ujana, alisogeza kiti chake pembeni na kusema bila ya ugomvi: "Padri akifungua mdomo, Nives, nani ataungama?"

Ni mtu mmoja tu aliyemshukuru. Mama yake Loris, Adriana, alimpelekea mfuko wa maharage ya Lamon, yale yanayosifika huku, kupitia kwa mwokaji mikate, pamoja na maagizo kwamba Loris asijue. Nives aliyapika, akashindwa kuyala, akampa jirani.

Hayo yalikuwa yameshaandikwa, Ijumaa ya mbio za mwaka huu ikaleta jambo la kuongeza. Elia Pegoraro ameruhusu liandikwe, tena kwa jina lake.

Elia ni kijana wa miaka ishirini na miwili, na mpaka Ijumaa alikuwa wa tatu katika msimamo. Kwa timu ndogo kama hii, inayoishi kwa hisani ya kiwanda cha magodoro, hilo ni jambo la kumfanya mkuu wa timu aote mchana. Katika hatua ya Ijumaa watu wanane walianguka penye kona yenye changarawe. Elia alikuwa mmoja wao, lakini aliangukia juu ya wenzake, akapanda baiskeli upesi, akamaliza na kundi. Wengi hawakujua hata kama ameanguka. Daktari alipomuuliza, alicheka.

Jioni Nives alikuwa chumba cha kufulia, anakunja jezi huku mashine ikizunguka. Elia akaingia, akafunga mlango, akakaa juu ya kapu la nguo chafu. Nives hakuwahi kumkanda. Ni yeye aliyekuwa akiimba jina la Redio kwa sauti kubwa kuliko wote.

Akasema mashine ile inampigia kelele kichwani. Akasema amesoma namba ya chumba chake mara tatu na kila mara ameipoteza njiani.

Nives akazima mashine. "Mwanangu, unajua nikishasikia sinyamazi."

"Najua, shangazi. Mimi nimejaribu kumwambia daktari, mdomo umekataa." Akainama. "Mimi ni wa tatu. Kesho baba yangu anakuja na basi zima la watu."

Nives aliweka jezi chini. Alimnawisha uso, akamshika mkono kama mtu anayevuka barabara na mtoto, wakaenda wote wawili mpaka kwa Dokta Piras. Safari hii alimwacha kijana agonge mwenyewe.

Jumamosi Elia hakuanza. Basi la baba yake lilifika na mabango. Watu walishuka wakaambiwa, wakasimama kwenye maegesho wameshika jina la mtu ambaye amelala chumbani, mapazia yamefungwa. Mzee alipanda juu kumwona mwanawe. Aliposhuka alimpita Nives bila ya salamu, akaenda kuwaambia wenzake wakunje mabango.

Jumapili jioni Walter aliwauliza vijana. Alimwita Nives pembeni, karibu na gari la vifaa, akampa jibu kwa upole. Wengi wamekataa. Mwakani atabaki wa chupa na jezi. Akamwambia asilichukulie vibaya, wala si kwamba wanamchukia, ila mtu anataka kulala mezani bila ya kupima maneno. Elia hakuulizwa kwa sababu alikuwa ameshapelekwa nyumbani.

Nives alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama sabuni ya msimu ujao imeshaagizwa.

Anasema mwakani atarudi. Ana mpango wa kununua meza yake ndogo, ile ya kukunjwa, na kuiweka chumbani kwake popote watakapolala, mlango uwe wazi. Hatamwita mtu. Si lazima kijana akandwe, anasema, anaweza hata kukaa tu, lakini kila atakayeingia ajue mapema ameingia kwa nani.

Alipoulizwa kuhusu Loris aliendelea kukunja taulo. Alisema huwa anapita barabara ya Feltre anapokwenda kwa dada yake, na mara moja alimwona juu ya ngazi, bomba begani, anapiga mluzi. Hakusimamisha gari. Anatamani siku moja amsemeshe, hata kama ni kwa kumtukana.

"Ana miaka ishirini na saba," anasema. "Ana muda mrefu wa kunichukia. Nami nilichomtakia ni huo muda."